Mchezo wa Dunia Wazi na Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Mwalimu atakayemaliza mafunzo yake na kupangiwa shule ya Mwanga, ya Ujiji, ya Katonga au ya kijiji chochote cha mwambao wa Ziwa Tanganyika hana budi kutazamia kukuta watoto wa namna mbili darasani mwake. Wapo wachache ambao nyumbani kwao mna kompyuta, nao jioni hucheza michezo ambayo ndani yake mtu huzunguka milima, misitu na miji ya kubuni kwa saa nyingi bila ya kuufikia mwisho. Wapo na wengi ambao hawajapata kuigusa kompyuta, na ambao jioni yao huishia ufukoni, wakianua dagaa au wakiwatazama baba zao wakitayarisha taa za kuvulia. Watoto hawa hukaa dawati moja, na mwalimu ni wa wote.

Kuhusu michezo hiyo nimesikia kauli mbili katika vyumba vya walimu. Ya kwanza husema kwamba michezo hiyo ni upuuzi mtupu na yafaa ipigwe marufuku. Ya pili husema kwamba hayo ndiyo maendeleo yenyewe, na kwamba shule isiyo na kompyuta haina kitu cha maana cha kumpa mtoto wa leo. Maoni yangu ni kwamba kauli zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zote hutazama chombo na picha zake, wala hazitazami kazi anayoifanya mtoto anapocheza. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kazi hiyo ni ipi, ilitoka wapi, inapoteaje kwa watoto wetu, na jinsi mwalimu anavyoweza kuirudisha darasani hata pale pasipo na umeme.

Mchezo wenyewe ni wa namna gani

Tuchukue mfano mmoja ili tusizungumze kwa jumla. Tarehe 11 Novemba, 2011, kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao The Elder Scrolls V: Skyrim. Mchezaji huanza akiwa mfungwa anayepelekwa kuuawa. Mara joka hushambulia mji, na katika fujo hiyo mfungwa huponyoka. Akisha kutoka pangoni, huiona nchi nzima imefunguka mbele yake: nchi ya baridi yenye majimbo 9, milima ya theluji, mito yenye samaki warukao maporomoko, na usiku ambao mbingu zake huwaka nuru za rangi. Tangu hapo hapana amlazimishaye. Akitaka atafuata kisa kikuu. Akitaka ataacha, achume mimea, afue vyuma, afanye biashara, au apande mlima ili tu aone kilichoko ng'ambo. Ndiyo maana michezo ya aina hii huitwa ya dunia wazi.

Hapana shaka kwamba picha za mchezo huo zinapendeza. Lakini mwalimu aliyejifunza saikolojia ya elimu ataona chini ya picha hizo mambo manne ambayo ni ya kazi yake mwenyewe.

Jambo la kwanza ni kwamba mchezaji ndiye mtendaji. Hapati kisa kwa kusimuliwa tu akiwa amekunja mikono. Kisa husonga mbele pale yeye anapoamua. La pili, majina ya mahali hujitokeza katika ramani kadiri mchezaji anavyopafikia kwa miguu yake au anavyoelekezwa na wenyeji. La tatu, ujuzi hukua kwa kutumiwa: anayefua vyuma huwa hodari wa kufua vyuma, na anayepiga upinde huwa hodari wa upinde. La nne, kosa halina fedheha. Aliyeanguka hurudi nyuma kidogo, akafikiri, akajaribu njia nyingine.

Haya si mageni kwetu. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba elimu imjengee mwanafunzi moyo wa kudadisi na uwezo wa kujiamini. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, nao unatutaka tujenge umahiri, yaani mtoto aonyeshe kwa matendo kile anachokijua. Basi yafaa tuulize: iwapo mchezo una mambo hayo manne, je, umeyapata kutoka kwenye kompyuta?

Chimbuko lake ni mazungumzo

Jibu ni kwamba haukuyapata huko. Mwaka 1974, katika mji mdogo uitwao Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, Gary Gygax na mwenzake Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Mchezo huo haukuhitaji mashine yoyote. Watu walikaa kuzunguka meza wakiwa na karatasi, kalamu na dadu. Mmoja wao alikuwa msimulizi, naye aliwaeleza wenzake mahali walipo na kitu wanachokiona. Kila mmoja wa wengine alivaa nafsi ya mtu fulani katika kisa, akasema kwa kinywa chake anachokusudia kufanya. Palipokuwa na shaka kama jambo litafaulu au la, dadu ilirushwa. Matokeo yaliandikwa, na kisa kikaendelea.

Mwaka huo huo wa 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikadumu hadi miaka ya 1980. Nataja tukio hilo kwa sababu lina funzo. Mtu angeweza kudhani kwamba kwa marufuku ile tuliachwa nyuma ya mchezo huu tangu siku ulipozaliwa. Kumbe ulipozaliwa ulikuwa ni karatasi, dadu na maneno, vitu ambavyo hapana shule ya Tanzania iliyovikosa. Na msimulizi anayewauliza wasikilizaji, "Sasa mtafanyaje?" ni jirani wa karibu sana wa mtambaji wa ngano zetu, ambaye hathubutu kuendelea mpaka wasikilizaji wamemwitikia.

Kompyuta ilikuja baadaye. Kijana wa Texas aitwaye Richard Garriott, ambaye alikuwa mpenzi wa mchezo ule wa mezani, alitoa mchezo uitwao Ultima mwaka 1981 kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani ya Apple II. Picha zake zilikuwa vijimraba tu, na mchezaji alitakiwa kuijaza nchi ile kwa mawazo yake. Mfululizo wa The Elder Scrolls ulianza mwaka 1994. Tangu hapo kila mchezo uliofuata ulijitahidi kuupita uliotangulia kwa uzuri wa majani, maji na nuru. Lakini mambo manne niliyoyataja hapo juu yalikuwapo tangu mezani. Picha iliyakuta, haikuyaleta.

Mshale uliochukua nafasi ya maneno

Sasa natazama kinachotokea kwetu. Jirani yangu mmoja wa Mwanga ana vijana wawili, mkubwa yuko kidato cha III na mdogo darasa la VI, nao huuchezea mchezo wa Skyrim kwenye kompyuta mpakato ya baba yao. Jioni moja niliketi nao. Mzee mmoja ndani ya mchezo alimsimamisha mchezaji akamweleza shida yake kwa maneno mengi ya Kiingereza. Yule mdogo, ambaye zamu ilikuwa yake, alibonyeza kitufe mara nne, mzee akakatizwa kauli yake, na safari ikaendelea.

"Huyu mzee alikuwa anakuomba nini, mwanangu?" nikamwuliza.

"Sijui, mwalimu. Mimi naufuata mshale tu."

Kweli, kulikuwa na alama ndogo juu ya kioo iliyomwonyesha upande wa kwenda. Akiifuata, atafika. Akifika, atapigana. Akisha kupigana, atapewa zawadi. Hakuhitaji kujua mzee yule alikuwa nani, alipatwa na msiba gani, wala kama alikuwa mkweli au mwongo. Mchezo wenye mamia ya visa ulikuwa kwake kisa kimoja tu: nenda, piga, chukua.

Alama hiyo ina historia yake. Katika mchezo wa tatu wa mfululizo huo, uitwao Morrowind, wa mwaka 2002, haikuwapo. Mchezaji aliyetumwa mahali alielekezwa kama mgeni anavyoelekezwa kijijini: shika njia ya kaskazini, vuka daraja, ukifika kwenye mwamba geuka kushoto. Maelekezo yale yaliandikwa katika daftari la safari, na asiyeyasoma alipotea. Katika mchezo wa nne, Oblivion, wa mwaka 2006, picha zilikuwa nzuri mara nyingi zaidi, na ndipo alama ya kuonyesha njia ilipoletwa. Picha ilipopanda, haja ya kusoma ikashuka. Sisemi kwamba waliobuni alama hiyo walikuwa na nia mbaya; walitaka mchezaji asichoke. Ila mwalimu hana budi kuona kilichopotea.

Kwa mtoto wa Ulaya au Marekani hasara hiyo si kubwa sana, kwa kuwa mazungumzo ya mchezo humwingia masikioni kwa lugha yake hata asipoyasoma. Kwa mtoto wetu hasara ni karibu yote. Mchezo wa The Witcher 3: Wild Hunt, uliotolewa na kampuni ya CD Projekt Red ya Poland mwaka 2015, umeelezwa na watungaji wake kuwa na maneno kama 450,000. Hicho ni kiasi cha riwaya kadhaa nene. Wapolandi walichukua visa vya mzimu wa shambani, mfu wa majini na jini la kinamasi, vilivyokuwa vikisimuliwa na mababu wa Ulaya ya mashariki, wakavijengea dunia nzima. Mtoto wa Kigoma anayeucheza bila kuelewa neno hata moja huona farasi, panga na machweo ya jua. Amepewa ganda la embe, akanyimwa embe.

Hapa ndipo ninapotaka mwalimu mwanafunzi ajitazame. Mshale ule hauko kwenye kompyuta peke yake. Mwalimu anayeandika swali ubaoni na kuandika jibu lake chini, watoto wakanakili, huyo ni mshale. Mwalimu anayeuliza, "Mmeelewa?" naye akaitikiwa "Ndiyo!" na darasa zima, kisha akafunga kitabu, huyo pia ni mshale. Watoto wake hufika, lakini hawajui walipopita. Tusiilaumu kompyuta kwa kosa ambalo huenda tunalifanya kila siku kwa chaki.

Mfano wa somo: Safari ya kwenda Mwamgongo

Naomba sasa nitoe mfano wa somo la Kiswahili, darasa la V, ambao mwanachuo anaweza kuujaribu wakati wa mazoezi ya kufundisha. Unahitaji ubao, chaki, daftari moja kwa kila kundi, na dadu moja iliyotengenezwa kwa boksi au kwa kipande cha mti. Kama hapana dadu, vikaratasi 6 vyenye namba ndani ya kopo vinatosha. Somo liwe la vipindi viwili vilivyofuatana, yaani dakika 80.

Mwalimu achore ubaoni mstari wa ufuko tu, toka Ujiji upande wa kusini, kupitia Kigoma na Kibirizi, hadi kaskazini. Aandike jina la Kibirizi peke yake. Mahali pengine pote paachwe patupu, mpaka wasafiri watakapopafikia. Kisha atoe kisa: zahanati ya kijiji cha Mwamgongo, kilichoko kaskazini ya Hifadhi ya Gombe, imeishiwa dawa, mashua iko Kibirizi, mzigo umekwisha kuletwa, ni wakati wa kiangazi na upepo unabadilika. "Sasa mtafanyaje?"

Darasa ligawanywe katika makundi, na kila kundi liwe mtu mmoja ndani ya mashua: nahodha, fundi wa injini, muuguzi, mchuuzi wa dagaa anayerudi kwao, na mzee aliyezaliwa mwambao huo. Katika darasa la watoto 60 kila kundi litakuwa na watoto 12, nao wapokezane kusema. Kanuni ni tatu tu:

1. Hapana tendo lisilosemwa kwa sentensi kamili. Mtoto akisema "Kusubiri" hajafanya kitu. Akisema "Tusubiri mpaka alfajiri", mashua imesubiri.

2. Hapana uamuzi usio na sababu. Neno "kwa sababu" ndilo nauli ya safari hii.

3. Mwalimu hakatai uamuzi; husimulia matokeo yake. Wakiamua kuondoka bila makasia ya akiba, waondoke, na injini izime mbele ya Gombe.

Dadu irushwe pale tu penye shaka ya kweli, kama vile upepo utakuwaje. Na hapa mwalimu anaweza kuingiza hesabu bila ya kutangaza kwamba ni hesabu: kundi lililofunga mzigo vizuri huvuka salama likipata 3 au zaidi, lisilofunga huvuka salama likipata 5 au 6 tu. Watoto watapiga hesabu wenyewe kuona kwamba wa kwanza wana bahati 4 katika 6 na wa pili wana bahati 2 katika 6, kwa kuwa mzigo ni wao.

Mwandishi wa kila kundi aweke daftari la safari: tulitoka wapi, tuliona nini, tuliamua nini, kwa sababu gani, kukawaje. Siku inayofuata daftari hilo ndilo chanzo cha insha. Makosa ya sarufi yasahihishwe wakati huo, si wakati mashua iko katikati ya ziwa. Mtoto aliyekatizwa katika hatari ili aambiwe juu ya upatanisho wa ngeli hatasema tena.

Kabla ya somo, mwalimu akawaulize wavuvi wenyewe juu ya pepo na dalili zake, mahali pa kutia nanga, na sababu ya kutovua dagaa wakati wa mbalamwezi. Mwalimu mgeni aliyetoka bara hawezi kuyapata hayo katika kitabu cha kiada. Na atashangaa atakaporudi darasani. Yule mtoto wa mvuvi ambaye hukaa nyuma na kunyamaza kutwa nzima ndiye atakayejua kwamba wingu la namna fulani si la kuondokea. Nahodha atamgeukia. Mtoto mwenye kompyuta nyumbani naye ana lake la kuchangia, kwa kuwa amezoea kupima njia mbili kabla ya kuchagua. Ndani ya mashua hiyo wale watoto wa namna mbili niliowataja mwanzo wanahitajiana, na naamini hiyo ni faida kubwa kuliko insha yenyewe.

Kisa cha pili chaweza kuwa kigumu zaidi, kwa darasa la VI. Tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, 2024, shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa ili samaki wapate nafasi ya kuzaana, na jambo hilo liliwahusu watu wa nchi zote nne zinazolizunguka ziwa. Kundi moja liwe wavuvi, jingine akina mama wanaoanika na kuuza dagaa, jingine maafisa wa uvuvi, jingine wazee wanaokumbuka wingi wa migebuka wa zamani. Kijiji kifanyeje kwa miezi mitatu? Hapa hapana joka la kuua. Pana haki mbili zinazogongana, na mtoto hujifunza kusema haki ya mwingine kwa kinywa chake mwenyewe.

Hoja za wanaopinga

Hoja ya kwanza ni ya muda na makelele. Ni kweli kwamba somo hili lina kelele kuliko kunakili, na mwalimu asiyejiandaa litamshinda. Kwa hiyo andalio la somo lazima lionyeshe wazi vituo vya safari, visizidi vinne, na swali la kila kituo. Msimulizi asiyejua anakokwenda huwachosha abiria. Wala sisemi kila somo liwe hivyo. Mara moja katika majuma mawili inatosha.

Hoja ya pili ni ya mtihani. Mtihani wa Kiswahili humtaka mtoto aelewe alichokisoma, apange mawazo na atumie lugha kwa usahihi. Mtoto aliyetunga sababu kumi kwa kinywa na kuziandika katika daftari ameufanyia mtihani huo mazoezi ya kutosha.

Hoja ya tatu ni ya mapanga na uchawi, na hiyo naiheshimu sana. Michezo ya Skyrim na The Witcher 3 kwa kipimo kinachotumika Ulaya imewekewa umri wa miaka 18. Mzazi wa mtoto wa darasa la VI aelezwe hivyo waziwazi, kwa adabu, na mwalimu wa shule. Ama kuhusu uchawi, tujihadhari na tafsiri. Kile kinachoitwa uchawi katika michezo hiyo ni miujiza ya hadithi, kama bawa la farasi arukaye. Kwetu neno hilo lina uzito mwingine: kuna watu, hasa wazee, waliodhuriwa kwa kutajwa nalo. Mwalimu asiliingize darasani kama kichekesho, wala asimpe mtoto uhusika wa mchawi ambao wenzake watamwitia nao njiani. Zimwi la ngano na sungura mjanja wanatosha kabisa, na ziwa lenyewe, lenye kina cha mita 1,470, lina maajabu yasiyomdhuru mtu.

Kompyuta inapokuwapo

Shule ikipata kompyuta, au mzazi akiuliza afanyeje na ile ya nyumbani, ushauri wangu ni huu. Watoto wacheze wawili wawili, mmoja ashike vitufe, mwingine awe msomaji, kisha wabadilishane. Kabla ya kuufuata mshale, msomaji aeleze kwa Kiswahili wametumwa nini na nani, kwa kutumia kamusi ikibidi. Pawe na daftari la safari karibu na kompyuta. Na muda uwe na mpaka unaojulikana kabla ya kuanza.

Aidha tusikate tamaa kwamba lugha yetu haina nafasi humo. Mwaka 2024 ulitoka mchezo uitwao Tales of Kenzera: ZAU, uliobuniwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza ambaye asili ya wazazi wake ni Kenya. Alifiwa na baba yake, akautunga mchezo kutokana na majonzi hayo: kijana mmoja anataka kumrudisha baba yake kutoka kwa Kalunga, mungu wa mauti. Si mchezo wa dunia wazi kwa maana kamili, lakini kisa chake kimetokana na masimulizi ya Wabantu, na mazungumzo yake yanaweza kusikilizwa kwa Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho. Kijana anayeucheza kwa lugha hiyo hana sababu ya kubonyeza kitufe ili kumkatiza mzee.

Hitimisho

Ujiji ni mji ambamo Kiswahili kilifika kwa miguu. Wamanyema, Waha, Wabembe na watu wa pwani walikutana hapo wakiwa na lugha mbalimbali, wakahitaji moja ya kuulizana njia na kuelezana kilichoko mbele. Lugha ilikuwa ramani yao kabla ya ramani. Nasi tunaporuhusu mtoto azunguke dunia nzuri bila maneno, iwe ndani ya kompyuta au ndani ya darasa, tunamnyima kile ambacho wasafiri wale hawakuweza kutembea bila nacho.

Kwa hiyo basi nawashauri wanachuo wanaojiandaa kwenda mazoezini wasione haya kwa kukosa mitambo, wala wasijidai kwa kuwa nayo. Waanze na ufuko uliochorwa kwa chaki na jina moja tu juu yake. Kisha wawaulize watoto wanakwenda wapi, na wangoje sentensi kamili.